Geti liko wazi, gari halitoki: uchambuzi wa kisa cha maegesho ya mtaani

Kisa hiki ni cha majirani waliozozana kwa karibu mwaka mzima juu ya magari yanayoegeshwa barabarani mbele ya nyumba. Kimeandikwa kwa ridhaa ya wahusika, kwa ajili ya wajumbe wa kamati za wakazi, wasuluhishi wa kujitolea na yeyote anayeamka kila siku na ugomvi wa namna hii mlangoni pake. Majina hayapo, na baadhi ya mambo ya kuwatambulisha watu yamebadilishwa. Vipimo vya barabara na magari vimeachwa kama vilivyo, kwa sababu ndivyo vilivyoamua kesi.

Mtaa wenyewe

Ni mtaa mfupi wa nyumba 11 unaoishia ukutani. Gari likishaingia, ama ligeuze mwishoni au litoke kinyumenyume. Barabara ina upana wa mita 5.5 na mageti yako karibu kabisa na ukingo wake. Zamani nyumba moja ilikuwa na familia moja na gari moja, au halikuwapo kabisa. Baadaye nyumba mbili zikagawanywa zikawa za kupangisha, watoto wa wenyeji wengine wakakua wakanunua magari yao, na mtaa ukajikuta na magari 16. Kati ya hayo, 6 yalilala ndani ya mageti. Yaliyobaki 10 yalilala nje.

Hesabu hiyo hakuna aliyekuwa ameifanya. Watu walijua tu kwamba "siku hizi magari yamezidi". Tulipokuja kupima, ukingo wa barabara ulikuwa na nafasi 9 kama kila mtu angeegesha kwa uangalifu. Kwa jinsi walivyokuwa wakiegesha, ziliingia 7. Magari 10 katika nafasi 7 ni ugomvi unaosubiri mtu wa kuuanzisha.

Sedani ya kawaida ina urefu wa mita 4.5 hivi na upana unaokaribia mita 2 ukihesabu vioo vya pembeni. Katika barabara ya mita 5.5, gari moja likiegeshwa upande mmoja linaacha mita 3.5. Magari mawili yakikabiliana pande zote mbili yanaacha mita 1.5, na hapo hata mkokoteni unapita kwa tabu. Ndiyo maana wakazi, bila kukubaliana na mtu, walikuwa wameshazoea kupishanisha: gari moja kushoto, linalofuata kulia, na anayepita anapinda katikati yao. Utaratibu huo ulionekana wa busara. Ndani yake ndimo mgogoro ulimojificha.

Wahusika

Wa kwanza tumwite Mama wa Kona. Ni mwenye nyumba, amepita miaka 60, anaishi na mumewe na ndiye anayeendesha gari. Wa pili ni Kijana wa Zamu, mpangaji wa nyumba ya jirani, anayefanya kazi usiku na kurudi karibu saa kumi na mbili asubuhi. Wa tatu ni Mzee wa Ng'ambo, ambaye geti lake liko upande wa pili, mita chache kutoka mkabala na geti la Mama. Mwanzoni huyu wa tatu hakuhesabiwa kuwa sehemu ya kesi. Alikuja mkutanoni kama shahidi na mwenye huruma.

Mimi niliitwa na kamati ya wakazi kama msuluhishi. Simfahamu hata mmoja wao nje ya shauri hili.

Mambo yalivyokwenda

Kati ya geti la Mama wa Kona na geti la nyumba ya Kijana kuna kipande cha ukingo chenye urefu wa mita 10.4. Mama alikizoea kuwa "mbele ya kwangu", na kwa miaka mingi wageni wake ndio waliokitumia. Kijana alipohamia akakiona ni kipande cha barabara kilicho wazi, akaegesha.

Mara ya kwanza Mama alimgongea mlango. Kwa maelezo ya wote wawili, mazungumzo yalikuwa ya heshima. Kijana aliamkia, Mama akaitikia, akamwambia, "Mwanangu, hapo ulipoweka gari unanizibia." Kijana akasema samahani mama, akalisogeza nyuma kidogo. Baada ya siku chache gari likawa palepale. Kwa Kijana, alishalisogeza, tatizo lilikwisha. Kwa Mama, aliahidiwa kisha akapuuzwa.

Hakugonga tena. Akaandika karatasi akaibana chini ya wipa: "Tafadhali usiegeshe hapa." Haikuwa na jina. Ya pili ikaandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kijana alizihifadhi zote mbili, na alinionyesha zikiwa zimekunjwa vizuri ndani ya kasha la dashibodi, pamoja na kadi ya bima. Kilichomuudhi, alisema, ni kule kuandikiwa na mtu anayepita mbele yake kila siku.

Kisha zikaja koni mbili nyekundu na tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeupe. Mama alizipanga jioni, Kijana akazikuta alfajiri amechoka, akashuka, akazisogeza ukutani, akaegesha. Kuweka kitu ili kushika nafasi ya barabarani ni jambo linalozuka popote penye uhaba. Kule Chicago watu huweka viti na meza barabarani baada ya kuondoa theluji ili nafasi waliyoichimba isichukuliwe, na Boston jiji limefikia kuwaruhusu kwa saa 48 baada ya hali ya dharura ya theluji kuisha. Lakini kule kuna jasho ambalo jirani ameliona kwa macho: mtu amechimba. Koni zilizonunuliwa dukani hazina jasho hilo. Zilisomeka kama uzio uliojengwa kwenye ardhi ya wote, na hata majirani waliokuwa upande wa Mama wakaanza kunong'ona.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyoharibu zaidi. Mpwa wa Mama alipiga picha ya gari, namba zikionekana, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakazi na maneno "Huyu ni nani asiye na adabu?" Kundi lilikuwa na watu zaidi ya 80, wengi wao wa mitaa mingine kabisa. Ndani ya saa moja mtu ambaye hajawahi kukanyaga mtaa ule alikuwa ameshaandika, "Wapangaji ndivyo walivyo." Wapangaji wengine wakajibu. Tangu hapo halikuwa tena shauri la mita 10.4, likawa la wenye nyumba na wapangaji, na watu waliokuwa wakisalimiana wakawa wanatazama simu wanapopishana.

Asubuhi moja Mama alipiga honi kwa muda mrefu akiwa ametoa nusu ya gari nje ya geti. Kijana alikuwa amelala, simu imezimwa. Hakutoka mtu. Mama hatimaye alitoka kwa kwenda mbele na nyuma mara nyingi. Siku hiyohiyo mchana Kijana alikuta kioo cha pembeni cha gari lake kimevunjika. Alikwenda kituo cha polisi. Askari aliyemsikiliza alimwambia kwamba barabara ni ya umma, hakuna mwenye nyumba anayemiliki ukingo ulio mbele yake, ila ni kosa kuziba geti la mtu.

Maneno hayo yalifika mtaani yakiwa yamegawanyika vipande viwili. Kijana alirudi na nusu ya kwanza: barabara ni ya umma. Mama aliisikia nusu ya pili: ni kosa kuziba geti. Kila mmoja akaona serikali iko naye. Hapo maji yalikuwa yamezidi unga, na kamati ikatafuta mtu wa nje.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoitisha mkutano wa mtaa. Kamati ilikuwa imeshapanga, hadi na viti. Niliomba uahirishwe, kwa sababu mbele ya watu 40 hakuna anayeweza kusema "sikujua" au "naweza kulegeza hapa". Atatetea heshima yake hadi mwisho. Nikaanza kwa kuonana na kila mmoja nyumbani kwake.

Kwa Kijana nilitoka na jambo moja ambalo halikuwa kwenye karatasi wala kwenye kundi. Anaporudi, nafasi zote za karibu zimejaa magari ya watu ambao bado hawajaamka. Kipande cha mbele ya Mama ndicho pekee kilicho wazi saa hiyo, kwa sababu ndicho pekee watu wengine walichokiogopa. Akiegesha mwisho wa mtaa, gari la taka likija linapiga honi mpaka alisogeze, na usingizi wake umekwisha.

Kwa Mama nilikaa muda mrefu zaidi. Alirudia hoja ya "mbele ya kwangu" mara kadhaa, kisha akanyamaza, kisha akasema kwamba mumewe husafishwa damu hospitalini. Wagonjwa wengi wa figo wanaotumia mashine huenda mara 3 kwa wiki, na kila safari ni kama saa 4 za kukaa kitandani. Anayechelewa hufupishiwa muda wake, kwa sababu mashine inasubiriwa na mwingine. Yeye huondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hakuwa amemwambia jirani yeyote. Mume hakutaka watu wajue.

Hili lilibadilisha sura ya kesi, lakini halikuwa langu kulipeleka popote. Nilimuuliza kama angependa Kijana ajue, na kwa maneno ya nani. Alisema atazungumza na mumewe. Nikaliacha hapo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kukutana barabarani, saa ya tatizo lenyewe, na tepu ya kupimia. Sababu ilikuwa sentensi mbili ambazo zilikuwa zimejirudia tangu mwanzo. Mama: "Ananizibia." Kijana: "Sijaziba, geti liko wazi." Mtu akisema hivi kwa miezi na mwingine akasema vile, ama mmoja anadanganya, ama wote wawili wanasema kweli juu ya vitu viwili tofauti. Hili la pili nilikuwa nimelishuku tangu nilipoona jinsi mageti yalivyobana na barabara.

Tulikutana asubuhi ya siku ya hospitali: Mama, Kijana, Mzee wa Ng'ambo aliyeomba kuwapo, mjumbe mmoja wa kamati na mimi. Tulipima kwanza gari la Kijana. Bampa yake ya mbele ilikuwa sentimita 60 kabla ya nguzo ya geti. Hajaziba. Kijana alinitazama kama mtu aliyeshinda.

Kisha nikamwomba Mama atoe gari kama anavyolitoa kila siku, polepole, nasi tusimame pembeni. Alirudi kinyumenyume, akaanza kukata kona, na alipofika nusu ikambidi asimame. Kilichomsimamisha hakikuwa gari la Kijana. Kilikuwa gari lililoegeshwa ng'ambo, mkabala kabisa na geti, ambalo lilikuwa limemwachia mita 3.5 za kugeuzia. Kwa kawaida gari linalotoka kwenye nafasi iliyo pembemraba na njia huhitaji kama mita 6 nyuma yake ili ligeuke kwa mkupuo mmoja. Geti pana husaidia kidogo, na la Mama lina mita 3, lakini mita 3.5 hazitoshi. Ikabidi aende mbele, arudi, aende mbele tena, na kila aliporudi pua ya gari lake ilikuwa inaelekea kwenye bampa ya Kijana. Ndiyo maana macho yake yalikuwa kwa Kijana miezi yote hiyo. Gari la Kijana ndilo alilokuwa analiona mbele ya kioo chake. Lililomzuia lilikuwa nyuma.

Lile gari la ng'ambo lilikuwa la binti wa Mzee. Alikuwa ameliegesha mbele ya nyumba ya baba yake, mahali ambapo kila mtu mtaani angeapa kwamba ni pake kwa haki.

Mzee alisimama kimya kwa muda, kisha akasema, "Kumbe ni sisi." Nadhani hakuna hotuba ya msuluhishi ambayo ingefanya kazi ya maneno yale matatu.

Tukaliondoa gari la binti, Mama akajaribu tena, akatoka kwa mara moja huku gari la Kijana likiwa palepale. Alipofika mtaa wa mbele alisimama, akarudi kwa miguu hadi alipo Kijana, akamweleza mwenyewe kuhusu hospitali. Sikusikia yote waliyosema na sikuuliza. Mumewe alikuwa ameketi ndani ya gari, hivyo nadhani walikuwa wameshakubaliana.

Uamuzi wa tatu ulihusu kile kipande cha mita 10.4. Gari la Kijana lina mita 4.4, na la mpangaji mwenzake, ambaye naye aliwahi kuandikiwa karatasi, lina mita 4.3. Jumla ni 8.7. Kila aliyetangulia alikuwa anaegesha katikati ili asisemwe, na wa pili akija anajibana mkiani hadi anaingia sentimita kadhaa mbele ya geti mojawapo. Lakini kipande kile kina geti kila upande, na mageti ni mahali pasipoegeshwa. Kwa hiyo gari la mbele linaweza kutoka kwa kwenda mbele na la nyuma kwa kurudi nyuma, wala hayahitaji nafasi kubwa kati yao. Ukiacha nusu mita kabla ya kila nguzo, magari mawili yanaingia na kati yao panabaki sentimita 70. Kanuni ikawa fupi: wa kwanza kufika asikae katikati, ajisogeze mwisho. Kwa sentensi hiyo moja tulipata nafasi ya ziada bila kumnyang'anya mtu.

Tulijadili kama tuiombe manispaa ichore mistari. Nilishauri wasubiri. Mistari rasmi hufuata viwango vya usalama, na viwango hivyo katika mtaa wa mita 5.5 pengine vingeruhusu upande mmoja tu. Mwongozo wa ujenzi wa Uingereza, kwa mfano, hutaka gari la zimamoto lipate njia ya mita 3.7 kati ya kingo. Mtaa huu ukishaegeshwa upande mmoja unabakiwa na 3.5. Hapa sikuwa na raha, na nilisema hivyo: utaratibu wa kupishanisha kushoto na kulia unamfanya dereva wa gari la zimamoto, lenye upana wa mita 2.5 na urefu unaofika mita 8, apinde mahali asipoweza kupinda. Wakazi walikubali kuhamishia magari yote upande mmoja katika nusu ya ndani ya mtaa. Nusu ya nje walikataa. Hilo liko kwenye kumbukumbu za kamati.

Kilichoandikwa

Makubaliano yalikuwa ukurasa mmoja. Usiku wa kuamkia siku za hospitali, hadi saa tatu asubuhi, hakuna anayeegesha mkabala na geti la Mama. Siku nyingine zote, anayeegesha hapo awe mtu anayepatikana kwa simu. Mama aliondoa koni na tairi, akapaka mstari mweupe kwenye ukuta wake mwenyewe, nusu mita kutoka kila nguzo ya geti, ili mtu aone pa kuishia. Alikuwa ametaka kupaka ukingo wa barabara. Tulimzuia, kwa kuwa barabara si yake kupaka.

Akikosea mtu, kwanza anapigiwa simu. Asipopatikana, anagongewa. Akirudia, mjumbe wa kamati anazungumza naye. Polisi ni mwisho. Picha za magari ya watu hazitumwi kwenye kundi kabisa. Ngazi hizi sikuzibuni. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwaka 2009, alichunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyosimamia kwa pamoja misitu, malisho, mifereji na maeneo ya uvuvi. Mojawapo ya mambo aliyoyakuta pale walipofanikiwa ni adhabu zinazoanza ndogo na kupanda taratibu, na kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe. Ukingo wa barabara wenye magari 10 ni mali ya pamoja kama mfereji wa maji.

Matokeo

Siku za hospitali Mama hajachelewa tena kwa sababu ya magari. Kijana analala. Binti wa Mzee sasa anaegesha ndani ya geti la baba yake, ambamo siku zote palikuwa na nafasi iliyojaa mbao na matangi yasiyotumika.

Kioo hakijapata mwenyewe. Mama alisema si yeye, na alijitolea kulipa nusu kama jirani. Kijana alikataa, akisema kulipwa kungemaanisha anamshutumu. Akakinunua mwenyewe. Wanasalimiana, basi. Anayetarajia usuluhishi uzae urafiki atavunjika moyo.

Baada ya miezi kadhaa yalitokea yale yale. Mpangaji mwenza wa Kijana alihama, ikaingia familia yenye pikapu ya mita 5.3. Hawakuambiwa chochote. Pikapu ikakaa mkabala na geti la Mama usiku wa kuamkia siku ya hospitali, na asubuhi honi zikasikika. Safari hii Kijana ndiye aliyetoka, na usingizi wake, akawagongea wageni na kuwaeleza. Iliisha siku ileile, ila kwa bahati: angekuwa kazini, pengine tungerudi kwenye karatasi za wipa. Kamati ikamwomba mwenye nyumba aweke ule ukurasa ndani ya mkataba wa kupangisha, naye akakubali.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutenganisha mambo matatu yaliyokuwa yamefungwa fundo moja. Kuna geti, ambalo ni haki. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika ibara ya 23, unakataza kuegesha mbele ya maingilio ya magari ya nyumba za watu, na sheria za nchi nyingi zinasema vivyo hivyo. Hapo hakuna mjadala. Kuna ukingo ulio mbele ya nyumba, ambao ni mazoea tu. Mwenye nyumba anaweza kuuomba, hawezi kuudai. Na kuna nafasi ya kugeuzia, ambayo hapa haikuwa na mwenyewe wala jina: hakuna aliyeziba geti, na bado gari halikutoka. Hii ya tatu ndiyo iliyouma, na kwa kuwa haikuwa na jina, Mama aliitetea kwa lugha ya zile mbili. Alisema "geti" na "mbele ya kwangu" akimaanisha "siwezi kugeuza". Kijana alijibu alichoambiwa, na alijibu sawasawa.

Msuluhishi akikutana na kesi ya aina hii, namshauri asianze na sheria. Yule askari hakukosea hata neno, na maneno yake yaliwaongezea kiburi wote wawili. Sheria inajibu swali la nani ana haki ya kuwa pale. Swali la mtaa huu lilikuwa kama gari linatoka au halitoki, na hilo hujibiwa kwa kulitoa.

Kuchagua saa pia kulifaa. Laiti tungepima saa nne asubuhi, gari la binti lingekuwa limeshaondoka kwenda kazini, Mama angetoka bila taabu, na sote tungeondoka tukiamini kwamba anamwonea Kijana.

Kilichoshindwa kwanza ni karatasi za wipa. Si kwa sababu ya matusi, maana hazikuwa nayo. Karatasi isiyo na jina inamnyima aliyeandikiwa nafasi ya kuuliza "kwa nini?", na katika kesi hii "kwa nini" ndiyo ilikuwa dawa. Kama Kijana angeuliza, huenda angeambiwa habari za saa kumi na mbili na nusu, hata bila ugonjwa kutajwa.

Kundi la WhatsApp lilishindwa kwa namna mbaya zaidi, kwa sababu liliwaingiza watu wasiohitaji kuishi na matokeo. Aliyeandika kuhusu wapangaji hakuwa na gari pale, wala geti, wala jirani wa kupishana naye. Kanuni ya kutotuma picha ndiyo iliyopingwa zaidi wakati wa kuandika makubaliano, na kwa maoni yangu ndiyo iliyolinda mengine yote.

Udhaifu wa makubaliano ni kwamba yalifungwa kwa watu waliokuwapo, ilhali magari hufuata nyumba. Watu huhama. Kuingiza ukurasa kwenye mkataba wa kupangisha kumetibu sehemu ya wapangaji tu. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi hatapewa ukurasa wowote.

Na kuna jambo ambalo makubaliano hayawezi kulifanya, nalo ni kuzaa nafasi. Magari 10 yalikuwa nje. La binti likiwa ndani, yamebaki 9, na nafasi ni 9. Gari moja likiongezeka, hesabu inarudi kuwa mbaya. Japani, tangu sheria ya 1962, mtu anayesajili gari anatakiwa kuonyesha ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara. Kamati ya mtaa haina mamlaka hayo, lakini imeanza kumwuliza kila mwenye nyumba anayetaka kupangisha: wapangaji wako watakuwa na magari mangapi, nawe una nafasi ngapi ndani? Wenye nyumba wawili wamejibu kwa kuondoa mabanda uani. Mmoja amekataa kujibu.

Wageni wa mwisho wa wiki bado hawana kanuni. Ilipendekezwa waegeshe barabara kuu na kutembea. Kamati imeamua kutoandika lolote kwa sasa, kwa kuwa siku za hospitali haziangukii Jumamosi wala Jumapili, na hakuna aliyelalamika.